Mazoezi tiba: gharama haiishii kwenye risiti

Baba mdogo aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kiharusi, tulikabidhiwa karatasi yenye dawa za presha, aspirini, na chini kabisa mstari mmoja: "aendelee na mazoezi tiba." Dawa tulizinunua siku hiyohiyo. Mstari ule wa chini ndio uliotumaliza.

Kikao kimoja kilikuwa shilingi 20,000. Bei hiyo ukiitazama peke yake haitishi. Lakini mtu aliyepooza upande wa kulia hawezi kugombania daladala ya Mbagala asubuhi. Ni bajaji, 15,000 kwenda na kurudi. Vikao vitatu kwa wiki ni 105,000. Kwa miezi mitatu ya mwanzo, ambayo ndiyo mwili hurejesha uwezo wake kwa kasi zaidi, hesabu inavuka milioni moja na laki mbili. Hapo sijamtaja mama mdogo aliyefunga genge lake siku tatu kila wiki ili amsindikize. Baba mdogo ni seremala, hana bima, na mkono uliopooza ndio uliokuwa ukileta hela. Wiki ya sita akasema, "Tupumzike kidogo, mambo yakikaa sawa tutarudi." Hatukurudi.

Nililaumu sana wanaotoza, mpaka siku nilipokaa kwenye benchi nikatazama kazi yenyewe. Dada mtaalamu wa mazoezi tiba alitumia dakika 45 kwa mgonjwa mmoja. Alimfungua kidole kimoja kimoja, akamwambia atoe kibanio cha nguo kwenye bakuli hili akiweke kwenye lile. Kikidondoka, wanaanza upya. Muda huo dirisha la dawa limeshahudumia watu wangapi? Bei ikishushwa bila fedha kutoka kwingine, kitakachopunguzwa ni dakika hizo: mgonjwa atawashiwa taa ya joto, aachwe hapo, aitwe anayefuata.

Wapo wanaosema mazoezi yafanyike nyumbani, na wana hoja nzito, kwa sababu vikao vitatu kwa wiki pekee havitoshi hata kwa mwenye uwezo. Ila kwetu mazoezi ya nyumbani yaligeuka kuwa kuchua. Jirani alituletea mchuaji, 5,000 kwa siku, anafuata mgonjwa hadi mlangoni. Baba mdogo alianza kupata usingizi, na hilo si jambo dogo. Lakini kuchuliwa ni kufanyiwa, wakati ubongo hujifunza upya pale mgonjwa anapojaribu mwenyewe, tena na tena. Tena mkono uliolegea ukivutwa ovyo, bega huumia. Baada ya miezi miwili vidole vilikuwa vimekakamaa kama ngumi. Vikao 18 tulivyolipia, 630,000 pamoja na bajaji, sehemu kubwa ya faida yake ikapotea.

Shirika la Afya Duniani linasema katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake kama mazoezi tiba, hawazipati. Mimi nawafikiria pia wanaozipata nusu: wamelipa, na bado wamebaki na ulemavu ambao ungepungua.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na swali langu ni vikao vingapi vitalipiwa. Naelewa hofu ya mfuko wa bima: vikao visivyo na kikomo hukaribisha madai hewa, na fedha zikiisha hata mgonjwa wa figo ataumia. Kikomo kiwepo, ila kifuate ugonjwa. Aliyeteguka kifundo na aliyepata kiharusi wasipimwe kwa kipimo kimoja. Na kwa kuwa bajaji hailipiwi na bima, mtaalamu afike kwenye kituo cha afya cha karibu, hata kwa siku mbili za wiki.

Kuna lisilosubiri sheria wala bajeti. Karatasi ya kuruhusiwa iseme safari ni ya miezi mingapi, itagharimu kiasi gani, na mazoezi gani familia ifanye kila siku. Tungeambiwa hivyo, vikao vyetu vilevile 18 tungevigawa: vingi mwanzoni, kisha kimoja kwa wiki, mtaalamu akikagua tunachofanya nyumbani.