Seva ina jina, dashibodi hailitaki
Hivi kuna ugumu gani kuonyesha jina la seva? Juzi saa 8 usiku simu imelia, nafungua dashibodi (ukurasa wa grafu za kufuatilia seva zetu za wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni), mstari mwekundu umepanda mpaka darini, na chini yake pameandikwa kitambulisho cha seva: i-0, halafu herufi na tarakimu 16 zisizo na baba wala mama. Sasa huyo ni nani? Seva ya malipo, au ile ya majaribio tuliyoisahau tangu Ramadhani?

Jina lipo! Nimelibandika mwenyewe kwenye lebo. Ila vipimo vinakaa nyumba moja, lebo nyumba nyingine, na majirani hao hawasalimiani. Ukitaka matumizi ya CPU (kichakataji) unauliza huku. Ukitaka jina, aina ya mashine au kanda iliyopo, unabisha hodi kwenye API (mlango wa programu kuombea data) nyingine kabisa, kisha unaoanisha mwenyewe.

Nikaandika kiskripti, kiprogramu cha kuoanisha hayo. Kinauliza kila sekunde 5, seva 60, moja moja (najua, najua). Haikupita nusu saa nikajibiwa nimezidisha maombi, nipunguze kasi. Paneli zote tupu, "hakuna data", na bosi kasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

Memori ndiyo usiseme: mpaka usakinishe ajenti (programu ndogo ya kupima) ndani ya seva, maana kutoka nje haionekani. Hilo naelewa. Lakini jina, jamani?

Kwa sasa nina faili la Excel pembeni, kitambulisho kushoto, jina kulia. Tumehamia kwenye wingu, na seva naitafuta kwa Ctrl+F.