London hadi Paris si "hapo tu"

Ndugu zetu nyumbani wakisikia uko London, Paris kwao ni kama kutoka Kariakoo kwenda Mwenge. "Wikiendi si unaruka tu, Jumapili umerudi?"

Kwa ramani wako sahihi. Ukinyoosha mstari ni kama kilomita 340, na Dar hadi Nairobi ni karibu mara mbili yake. Ajabu ni kwamba ndege za njia zote mbili huchukua muda usiopishana sana, saa moja na robo au zaidi kidogo. Heathrow ya London na Charles de Gaulle ya Paris ni viwanja vya foleni: ndege inatambaa chini ikingoja zamu ya kuruka, na ukirudi inaweza kuzungushwa juu ya London mpaka nafasi ya kutua ipatikane.

Tiketi nayo inachanganya. Imeandikwa kuondoka saa nne asubuhi, kufika saa sita na robo, kumbe Paris iko mbele kwa saa moja. Na hiyo saa moja na robo ya angani bado si safari. Kuna treni ya kwenda Heathrow, kuna kuwahi saa mbili kabla, kupita ukaguzi wa usalama, halafu ukitua kuna kilomita kama 25 za kuingia mjini. Nusu siku imekwenda. Ndiyo maana wengi hapa hupanda treni ya Eurostar, kutoka stesheni ya St Pancras hadi ile ya Gare du Nord, mjini kwa mjini, na ile ya haraka kabisa hutumia saa mbili na dakika 16. Bei yake, hata hivyo, usiikumbushe.

Lakini haya yote ni ya mwenye pasipoti ya Uingereza au ya Umoja wa Ulaya. Mimi yangu ni ya Tanzania. Uingereza haijawahi kuwa ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa hiyo kibali changu cha kuishi London hakinifikishi Paris. Lazima niombe viza: nijaze fomu, nipange miadi, nitoe alama za vidole, nipeleke taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya safari na hoteli niliyokwisha kushika. Ada ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Jibu kwa kawaida ni siku 15, ukishapata miadi. Miadi yenyewe wakati wa kiangazi ni kuviziana. Siku ya safari, ofisa wa Kifaransa anakupekua kurasa moja moja palepale St Pancras, hujaliona hata behewa. Nyuma yako foleni inahema.

Sasa linganisha na basi la Dar kwenda Nairobi. Linachosha, sikatai, ni kutwa nzima na ushee, miguu inavimba. Ila pale mpakani Namanga unashuka, unaingia jengo moja, ofisa wa Tanzania anakugongea muhuri, wa Kenya anakugongea, viza hakuna. Tunapenda kusema Afrika ndiyo yenye mipaka migumu na Ulaya imeshafuta yake. Wamefuta, kati yao.

Kwa hiyo wenye harusi Paris, mchango nitatuma hata leo, lakini kadi ije miezi miwili kabla. Ya Nairobi, nikiwa likizo Dar, hata ya keshokutwa naipokea.