Msiba wa Mangi Meli Haujaisha

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu mtu alituma habari ya mafuvu ya Wachagga yaliyoko Berlin. Hata dakika haikupita, mwingine akajibu: "Mifupa ya enzi za Mjerumani ya nini tena? Watupe hela tujenge barabara." Wengi wakacheka. Mimi iliniuma, na bado inaniuma.

Ni sisi hawa hawa ambao mtu wetu akifia Dar es Salaam tunachanga usiku huo huo, mwili unasafirishwa mpaka kihambani, kwenye shamba la ukoo. Hakuna anayeuliza wa nini, kwa sababu asiyezikwa kwao msiba wake haujaisha. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wenzake, na wazee wetu wamesimulia miaka yote kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake amekidai kwa miongo kadhaa. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, wenye mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi yake ya Rwanda, walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu vimelingana na vya familia zilizo hai Kilimanjaro. La Meli halikuwamo.

Fikiria familia hizo. Zaidi ya miaka 100 wameishi na jina lisilo na kaburi. Matanga si kwa ajili ya marehemu peke yake. Ndipo ndugu waliosusiana wanapokaa mkeka mmoja, wazee wakasema yaliyofichwa, madeni na manung'uniko yakatajwa, mchungaji akaomba, watu wakala pamoja. Sisi tumenyimwa kikao hicho vizazi vitatu, vinne, halafu tunashangaa kwa nini kila mtu anaibeba historia hii kivyake, kimya kimya.

Nakubali, Rais Steinmeier wa Ujerumani kusimama Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha, pale Wangoni waliponyongwa mwaka 1906, halikuwa jambo dogo. Fidia nayo idaiwe, tena kwa sauti. Lakini hela haikai mahali pa mtu. Barabara ni haki yetu hata bila Meli kukatwa kichwa.

Kila fuvu lililotambuliwa lirudishwe bila masharti, na utafutaji wa mengine usisimame. Gharama ya safari walipe waliochukua. Kaburi tutachimba wenyewe.