Soko huria bila refa

Usiku mmoja wa Desemba 1978, wakulima wa kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui nchini China, walikutana kwa siri na kuandika karatasi ambayo ingeweza kuwapeleka jela. Walikuwa wawakilishi wa kaya 18. Walikubaliana kugawana mashamba ya ujima: kila kaya ilime kipande chake, itoe fungu la serikali, kinachobaki kiwe mali yake. Wakatia dole gumba. Kipengele ambacho sijawahi kukisahau ni cha mwisho: yeyote atakayefungwa kwa sababu ya jambo hili, wenzake watamlelea watoto mpaka wafike miaka 18.

Yaani watu wazima wanaachiana watoto kwa sababu wanataka kula walichokilima wenyewe.

Msimu uliofuata mavuno yalipanda kwa kishindo. Udongo ulikuwa uleule, majembe yaleyale, na wakulima ndio haohao ambao walikuwa wamezoea kwenda kuombaomba ugenini njaa ikibana. Kilichobadilika ni jibu la swali ambalo kila mwenye jembe hujiuliza kabla hajainama: jasho langu atalila nani? Katibu wa chama wa mkoa, Wan Li, alipoletewa habari hakumfunga mtu. Aliwaacha, na ndani ya miaka michache mtindo huo ukaenea nchi nzima.

Wapenzi wa uhuru wa kiuchumi husimulia kisa hiki wakaishia hapo. Ondoa vibali, punguza kodi, serikali ikae kando, uchumi utapaa wenyewe. Mimi nakubaliana nao nusu.

Nusu ninayoikubali inaonekana vizuri Lima, mji mkuu wa Peru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchumi Hernando de Soto na wenzake walijaribu kusajili karakana ndogo ya kushona nguo kwa kufuata sheria hatua kwa hatua, bila kumjua mkubwa yeyote. Iliwachukua siku 289. Waliombwa rushwa mara 10, na mara 2 ilibidi watoe, maana bila hivyo jaribio lingefia njiani. Sasa mweke hapo fundi mwenye cherehani mbili na watoto wa kulisha. Hizo siku 289 anakula nini? Ataanza kazi kimyakimya bila leseni, na asiye na leseni benki haimkopeshi, mteja akimdhulumu hana pa kushtaki, na mgambo akipita anakunja vitu vyake. Wengi husema mafundi wa namna hii hawana maono ya kukuza biashara. Maono wanayo. Tatizo ni kwamba ukikua unaonekana, na ukionekana unafuatwa.

Kwa hiyo ndiyo, vibali vya kijinga viondoke. Lakini vikishaondoka, nani anabaki uwanjani?

Urusi ilijibu swali hilo kwa uchungu. Mwaka 1992 serikali iliachia bei ziamuliwe na soko na kugawa vocha ili kila raia awe na kipande cha viwanda vya umma. Mwaka 1995, hazina ikiwa tupu na uchaguzi wa mwaka uliofuata ukinukia, serikali ilikopa kwenye mabenki ya matajiri wachache na kuweka rehani hisa zake katika kampuni kubwa za mafuta na nikeli. Deni halikulipwa, hisa zikaenda. Kwenye mnada, mara nyingi benki iliyosimamia zoezi ndiyo hiyohiyo iliyoibuka mshindi. Kwenye makaratasi hilo ni soko. Kiswahili chake ni mwenye nguvu mpishe. Soko linahitaji refa, yaani sheria na mahakama zisizomwogopa mkubwa.

Mtu ataniuliza: na China je, mbona imekua miaka yote hiyo bila mahakama huru? Ni swali zito, na wanaolikwepa wananiudhi. Jibu langu ni kwamba ahadi ya mkubwa inaweza kuanzisha ukuaji, hata mkubwa sana, lakini inabaki kuwa ahadi ya mkubwa. Wan Li aliamua kuwaachia wale wakulima. Angeweza kuamua vingine. Novemba 2020 Ant Group, kampuni ya China ya huduma za fedha kwa simu, ilikuwa tayari kuuza hisa kwa umma, mauzo yaliyotarajiwa kuvunja rekodi ya dunia. Yalisimamishwa na mamlaka siku mbili kabla ya hisa kuanza kuuzwa sokoni. Ruhusa si haki.

Mfano ninaourudia zaidi ni Botswana. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa, kwenye ardhi ya Bangwato, watu wa Rais Seretse Khama mwenyewe. Angeweza kuiacha iwe ya kwao. Badala yake sheria iliyaweka madini mikononi mwa taifa, fedha zikaingia kwenye bajeti inayohojiwa, na kwa miongo kadhaa uchumi ule ulikua kwa kasi ambayo nchi chache ziliifikia.

Sitaki kuipamba. Botswana bado inategemea almasi kupita kiasi, na soko lake lilipodorora miaka ya karibuni, nchi nzima ilitikisika. Taasisi nzuri hazikuizuia kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Mwaka 2024 wapiga kura walikiondoa chama kilichotawala tangu uhuru, miaka 58. Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa kabla hesabu ya kura haijakamilika, na siku hiyohiyo Duma Boko akaapishwa. Migodi, mapato yaliyopungua na vijana wasio na kazi, vyote vikahamia mezani kwa Boko kama vilivyokuwa.