Nakisi ileile, deni tofauti

Chukua nchi yenye deni la asilimia 60 ya pato la taifa na nakisi ya bajeti, yaani pengo la matumizi ya serikali juu ya mapato yake, ya asilimia 5. Pato likikua kwa asilimia 10, mfumuko wa bei ukiwemo, mwaka unaisha deni likiwa limeshuka hadi asilimia 59 hivi, ingawa serikali imekopa. Likikua kwa asilimia 4 tu, nakisi ileile inalipandisha deni hadi 62.5.

Watetezi wa nakisi huegemea hesabu hii. Bwawa la umeme litatumika miaka mingi; kwa nini walipakodi wa leo pekee waligharamie? Tena kubana matumizi uchumi ukiwa umedorora huweza kulipunguza pato kuliko deni lenyewe.

Hoja ina nguvu, ila inategemea mno sarafu ya deni. Japani inadaiwa zaidi ya asilimia 200 ya pato lake, lakini kwa yeni, sarafu yake yenyewe. Zambia ilishindwa Novemba 2020 kulipa riba ya dola milioni 42.5. Ikiwa nusu ya deni la nchi yetu ya mfano ni dola, na dola ikapanda kwa asilimia 20, deni linaruka hadi asilimia 66 kabla waziri wa fedha hajakopa hata senti.

Muda nao huuma. Hatifungani (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya Kenya ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, yenye riba ya asilimia 6.875, ilifikia muda wa kulipwa Juni 2024. Ili kuilipa, Februari mwaka huohuo Kenya ilikopa upya kwa gharama iliyozidi asilimia 10. Kukopa ndani pia si kimbilio: benki zikipata riba nono serikalini, haziwi na haraka ya kumkopesha mfanyabiashara.

Kuhusu hatari, basi, wapinzani wa nakisi wako sahihi. Dawa yao ndiyo inayonitia shaka. Ukomo wa nakisi wa asilimia 3 ya pato, kama ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hauulizi fedha zimenunua nini. Na kodi ina mwisho wake: muswada wa fedha wa Kenya wa 2024 uliondolewa baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu.

Mimi ningeanza kwa kuitoa riba kwenye hesabu ya matumizi. Mapato yakibaki hayatoshi hata mishahara na uendeshaji wa ofisi, serikali hiyo inakopa ili kula, hata kama nakisi yake iko chini ya asilimia 3.