Oili ya difu na giaboksi: tubaki na 90 au tuhamie 140?

Ukienda gereji yoyote Dar utakuta kambi mbili, kuna wanaosema weka 140 bana huku kwetu joto, na kuna wanaosema fuata kitabu cha gari acha ubishi. Mi naona wote wana hoja, shida ni kwamba mmoja anaongelea difu ya lori (zile gia za kwenye ekseli) na mwingine giaboksi ya Hiace halafu wanabishana kama vile ni kitu kimoja.

Kwanza hizo namba zenyewe. Wengi wanadhani 90 ya gia ni nzito mara mbili ya 40 ya injini, hapana, hizo ni skeli mbili tofauti za SAE, wale wahandisi wa magari wanaopanga viwango vya oili. Oili ikifika nyuzi 100 za joto, 90 ya gia inatakiwa iwe na mnato (uzito wake wa kutiririka) wa sentistoksi 13.5 mpaka chini ya 18.5, na 40 ya injini ni 12.5 mpaka chini ya 16.3, yaani zinagusana kabisa. 140 ndo inaruka, inaanzia 24 mpaka chini ya 32.5. Ile namba ya mbele yenye W ni ya baridi: 85W inapimwa kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, hata Makete mwezi wa saba hawafiki huko, kwa hiyo kama dukani kuna 85W-90 tu na kitabu kimesema 80W-90 usikose usingizi.

Sasa watu wa 140 hawajatoa hoja hewani. Lori linalopanda Kitonga na mzigo, meno ya difu yanabanwa vibaya na oili inachemka, ikiwa nyepesi sana ile filamu katikati ya meno inakatika na chuma kinagusa chuma. Meritor wanaotengeneza ekseli za malori wenyewe wanaruhusu 85W-140 pale ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi -12. Hapo fundi wako yuko sahihi.

Ila akiimimina hiyo hiyo kwenye giaboksi ya manyo (ya kubadili gia kwa mkono) ya gari dogo mi nakataa. Ringi za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, lazima zikate oili ndo zishike gia, oili ikiwa nzito asubuhi gia namba mbili inagoma, unalazimisha, na ringi zinaisha. Tena oili nzito inakula nguvu na mafuta bure. Halafu kuna ule mchezo wa difu inayolia, inawekwa 140 inanyamaza, mteja anaondoka anacheka wakati beringi inaendelea kuisha kimya kimya (ukinunua gari mkononi kwa mtu hili lichunguze sana).

Kwangu mimi ugomvi wa maana hata sio 90 au 140, ni GL-4 au GL-5, yaani daraja la oili la kulinda meno, na hapo ndo wengi hawaangalii kabisa kwenye kopo. GL-5 ina kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi za kulinda meno ya haipoidi (yale ya difu yanayosagana kwa kuteleza), kwa hiyo difu nyingi za gari zinaitaka na ukiweka GL-4 humo meno yataliwa. Lakini kwenye giaboksi zenye sinkro za shaba ya njano, baadhi ya hizo GL-5 zinashambulia shaba, na pia zinateleza mno sinkro inashindwa kushika. Wengine watakwambia Toyota kadhaa zinakubali zote mbili, ni kweli, ila ni pale tu kitabu kilipoandika hivyo, na zipo giaboksi za manyo zinazotumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) au oili ya injini kabisa.

Na kama sababu ya kutaka 140 ni kwamba difu inavuja, angalia kwanza kile kipumulio kilichopo juu ya ekseli, kikiziba na tope presha inasukuma oili itokee kwenye sili, kisafishe, kisha ubadili sili yenyewe.