Namba 128 si nusu ya mwanga

Chagua kijivu ambacho thamani zake zote tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, ni 128, kisha muulize mtu kinatoa mwanga kiasi gani ukilinganisha na nyeupe kamili ya 255. Wengi watasema nusu. Ukipima mwanga unaotoka kwenye skrini, hata robo haufiki: ni takriban asilimia 22. Nusu ya kweli iko karibu na 188. Kinachotenganisha namba ya faili na mwanga wa skrini ndicho kiitwacho gama, na ugomvi wangu ni na programu za picha zinazopiga hesabu kana kwamba hakuna kinachozitenganisha.

Utasikia mara nyingi kwamba gama ni masalia ya televisheni za chogo. Ni kweli, ila si yote. Katika bomba la televisheni hizo mwanga haukupanda sambamba na volti. Ulipanda kwa kipeo cha karibu 2.5, hivyo volti ikipungua kwa nusu, mwanga ulianguka chini ya robo. (Chanzo kilikuwa bunduki ya elektroni, si fosfori ya kioo kama inavyoandikwa mara kwa mara.) Wahandisi wakaona ni nafuu kupinda mawimbi upande wa kamera na kituo cha matangazo kuliko kuongeza sakiti ndani ya kila seti nyumbani kwa watu.

Basi kwa nini skrini bapa za leo, zisizo na bunduki yoyote, bado zinafuata mpindo uleule? Jibu ni macho. Kwenye chumba chenye giza, taa ya kwanza hubadilisha kila kitu, lakini ya ishirini na moja ni vigumu kuitambua. Jicho hupima tofauti kwa uwiano, na ndiyo maana kadi ya kijivu inayoakisi asilimia 18 tu ya mwanga huonekana iko katikati ya weusi na weupe. Sasa faili ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ukizigawa sawasawa kwa kiasi cha mwanga, nyingi zitaishia sehemu angavu ambako jicho halizitofautishi, na vivuli vitapata chache mno hadi michirizi ionekane. Mpindo wa gama huzihamishia ngazi hizo gizani, zinakohitajika.

Kitambuzi cha kamera hakina tabia hii: mwanga ukiongezeka mara mbili, nacho husoma mara mbili. Ndiyo sababu faili ghafi (RAW), yaani data ya kitambuzi kabla ya kupindwa, huhitaji biti 12 au 14. Kwenye biti 12 una ngazi 4,096, lakini kutoka mwanga kamili hadi nusu yake pekee zinakwenda 2,048. Nusu inayofuata inachukua 1,024, kisha 512. Ukifika kwenye vivuli vizito, umebakiwa na makombo.

Mpindo tunaoutumia zaidi leo ni wa sRGB, kiwango cha kawaida cha rangi za skrini, uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Una kipande kifupi kilichonyooka karibu na weusi, halafu kipeo cha 2.4, na kwa jumla unakaribia 2.2. Mac za Apple zilishikilia 1.8 hadi mwaka 2009, ndiyo maana picha zilizopendeza huko zilikuwa zikionekana nzito na za giza kwenye kompyuta nyingine.

Hayo yote ni sawa. Kuhifadhi picha kwa gama ni busara, na sioni la kulaumu. Lawama inaanza pale programu inapochukua namba hizo zilizopindwa na kuzijumlisha moja kwa moja. Kupunguza ukubwa wa picha, kutia ukungu, kulaza safu moja juu ya nyingine: kazi hizi zote ni kutafuta wastani wa mwanga, na wastani wa mwanga hupatikana kwenye mwanga. Chora mistari ya pikseli moja moja, mweusi na mweupe kwa zamu, kisha punguza picha iwe nusu. Programu inayojua kazi yake itakupa kijivu cha 188. Nyingi zitakupa 127 au 128, yaani zimetupa zaidi ya nusu ya mwanga uliopaswa kubaki. Kwenye picha ya nyota au taa za usiku, nukta angavu hufifia. Tia ukungu mahali nyekundu inapokutana na kijani, utaona mstari wa rangi ya tope katikati, ambao haungekuwapo kama taa mbili za rangi hizo zingechanganyika ukutani.

Dawa yake inajulikana: ondoa mpindo, piga hesabu, rudisha mpindo. Zamani kisingizio kilikuwa kasi. Leo kadi za michoro huondoa mpindo wa sRGB zenyewe zinaposoma picha, na watengenezaji wa michezo ya kompyuta wamezoea jambo hili kwa miaka mingi. GIMP 2.10, programu ya bure ya kuhariri picha iliyotoka mwaka 2018, ilihamishia kazi zake nyingi kwenye mwanga halisi. Kwa hiyo inawezekana, tena bila kumsumbua mtumiaji.

Nakubali kuna pa kuacha mpindo ulivyo. Mpito wa kutoka nyeusi hadi nyeupe ukipigwa kwa mwanga halisi, weupe huvamia mapema na giza hubanwa pembeni. Hapo jicho ndilo mteja, na namba zilizopindwa humhudumia vizuri zaidi. Sidai kanuni moja kwa kila kitu. Ninachodai ni kwamba programu iseme waziwazi, palepale kwenye kitufe cha kupunguza picha, inahesabu mwanga au namba tupu, badala ya kuficha chaguo hilo ndani ya menyu ya mipangilio ya rangi ambayo wapiga picha wengi hawajawahi kuifungua.